Mwalimu wa Uani Aliyekataza Vifutio

Nyie vijana mtakaoshika karatasi hizi, wajukuu zangu na wajukuu wa wenzangu, kaeni vizuri. Msisome huku simu imewaka pembeni. Nataka kuwaeleza habari za mwanamke mmoja tuliyepakana naye ukuta huku Nzuguni, ambaye mpaka leo sijaamua kama alikuwa na akili nyingi au alikuwa anatuchezea. Mkifika mwisho mkaelewa, njooni mnieleze. Mimi nimeshindwa.

Jina lake nalijua, sitaliandika. Watoto walimwita Mwalimu wa Uani na sisi wakubwa tukafuata. Alikozaliwa na nani aliyemzaa si kazi yangu. Ninachojua ni kwamba alifundisha madarasa ya chini miaka mingi, akastaafu, akaja kuhamia kwenye nyumba yake kabla haijaisha kujengwa. Chumba kimoja kilikuwa na dari, vingine mnaangalia mabati. Uani aliweka turubai la bluu la kukinga jua, na mwezi wa saba upepo wa huku ulilipigapiga hilo turubai mpaka unafikiri kuna watu wanagombana.

Hakutangaza kwamba anaanzisha masomo. Watoto wa mtaa wetu wanatoka shule mapema na wazazi wengi wako maofisini mjini, wanarudi jua linazama. Mtoto anakuta mlango umefungwa, anakaa kwenye ngazi na mkoba wake. Siku moja watoto watatu walikaa kwenye ngazi za Mwalimu kwa sababu zilikuwa na kivuli. Akatoka akawauliza, "Mnamsubiri nani?" Wakasema, "Mama." Akasema, "Mama hayuko humu. Ingieni, mle kwanza." Ndivyo ilivyoanza. Akawapa uji, wakatoa madaftari kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kufanya, na kesho yake wakaja na wenzao. Wazazi wakaanza kumletea chochote, huyu mchele, yule kuni, mwingine hela mwisho wa mwezi. Mwenyekiti wa mtaa akaja kuuliza kama ile ni shule. Akamjibu, "Shule wametoka. Hapa wanamalizia kuchoka." Mwenyekiti akaondoka akicheka, na sidhani kama alijua anacheka nini.

Kibao cha getini alikiweka baadaye. Fundi aliandika herufi zikapanda upande mmoja, na Mwalimu akamwambia akwangue rangi yote aandike upya, tena upya. Yule fundi aliapa hatarudi kwenye ile nyumba. Nawaambia hili mlikumbuke mkisikia yanayofuata.

Yanayofuata ni kwamba watoto wenyewe aliwakataza kufuta. Getini kulikuwa na kopo la siagi, na kila mtoto anayeingia anaweka kifutio chake humo, atakichukua akitoka. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya kosa, kosa lenyewe lionekane, unaandika pembeni. Halafu, na hapa ndipo wazazi walipopandisha hasira, yeye hasahihishi. Mtoto akimaliza homuweki yake, iwe sawa, iwe kichekesho, inakwenda shuleni hivyo hivyo.

Baba mmoja alikuja na daftari la mwanawe amelikunja mkononi. "Mwalimu, mtoto anashinda kwako kila siku, halafu anakwenda kupigiwa mikasi ya makosa shuleni. Kazi yako ni nini?"

"Kazi yangu ni kukaa naye."

"Kukaa naye hata mbuzi wangu anaweza!"

"Basi mpelekee mbuzi daftari," Mwalimu akasema. "Nikimsahihishia mimi, mwalimu wake atajuaje mtoto hajui? Atafikiri mtaa mzima umeelewa, ataendelea na somo jingine."

Yule baba akakusanya vitu vya mwanawe. Akamtoa mtoto.

Kwa watoto alikuwa mpole, sijawahi kumsikia akiinua sauti wala kumwona akiinua fimbo. Kwa wakubwa alikuwa shubiri. Ukija kumchukua mtoto ukamkuta hajamaliza sentensi, unasimama nje ya geti na vitu vyako vya sokoni mpaka amalize. Mimi mwenyewe amewahi kuniweka nje na kuku mkononi.

Alikuwa na neno lake moja: "Nani kakwambia?" Mtoto akikosa, nani kakwambia. Mtoto akipata, nani kakwambia. Alasiri moja nimekaa kwake nachambua mlenda, mtoto akasema saba na nane ni kumi na tano. Mwalimu akamtazama. "Nani kakwambia?" Mtoto akababaika. "Kumi na sita."

Nikasema, "Mwalimu, si alikuwa amepata?"

"Alikuwa amepata, dada."

"Na sasa?"

"Sasa hajapata."

"Umemkosesha wewe!"

"Kama ni yake, haimtoki kwa kuulizwa."

Niliendelea kuchambua mlenda wangu. Mimi ukiniuliza mara mbili mbili jina la marehemu mume wangu na macho hayo, nitaanza kutia shaka. Sasa mtoto je?

Nilikuwa na sababu ya kukaa pale. Mjukuu wangu Zaituni alikuwa darasa la nne. Huyu nimemlea tangu hajaota meno, analala chumbani kwangu, miguu yake ya baridi naijua. Darasa la pili alirudishwa mwaka mzima. Darasa la nne kuna mtihani wa taifa, anayefeli anakariri darasa. Baba yake, mwanangu, alishasema mbele ya wote, "Mama, akirudishwa tena, nampeleka Kondoa kwa shangazi yake. Atasoma kule, jioni akae dukani ajue biashara. Mjini hapa tunapoteza muda." Shangazi ni mtu mzuri, ni binti yangu. Ila ni mtu wa duka. Mtoto akishajua kupima kitambaa, nani atamkumbusha daftari? Na mimi chumba changu kitakuwa na kitanda kitupu. Ndiyo maana nilimpeleka kwa Mwalimu. Sikutaka falsafa, nilitaka apite.

Na sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu Zaituni alikuwa anasoma. Kila jioni akitoka chuoni kwenye Kurani anakaa mkekani, kitabu cha shule mapajani, anayumba mbele na nyuma, maneno yanatoka kama maji ya bomba. Mimi shule yangu iliishia palepale ilipoanzia, huko milimani Kondoa, nasoma kwa kusukuma, hata karatasi hizi nimesaidiwa kuziandika. Nilipomsikia mtoto anavyotiririka nilisema kinachomfelisha ni woga.

Siku ya kwanza kwa Mwalimu akaambiwa, "Tusomee." Akasoma. Sungura, shamba, mzee, vyote. Katikati Mwalimu akaweka kiganja juu ya ukurasa. Mtoto akaendelea. Mwalimu akafunga kitabu kabisa. Mtoto akaendelea, akayumba, akamaliza hadithi, akapumua.

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akawatazama tu, wakanyamaza. Kisha akafungua kitabu katikati, akaweka kidole kwenye neno moja. "Hapa pameandikwa nini, mama?"

Zaituni akaangalia lile neno, akanitazama mimi.

Niliona joto limenipanda. Nikasema, "Amehifadhi, Mwalimu. Chuoni ndivyo wanavyofundishwa. Mmoja anasema, wote wanaitikia, mpaka kinakaa kifuani. Kuhifadhi ni dhambi?"

"Si dhambi. Ni kichwa kizuri sana hicho. Ila hajasoma, dada."

Nilirudi nyumbani hilo neno linanizunguka. Mimi Yasini naisoma kila Alhamisi tangu nikiwa mwali. Msahafu uko wazi mbele yangu, kidole kinatembea kwenye mstari. Usiku ule nilijaribu kutazama kama jicho langu linatangulia au mdomo. Sikupata jibu. Nikauliza moyoni, basi kusoma hasa ni kitu gani? Mpaka hapo nilikuwa najua. Yule mwanamke ndiye aliyenivurugia.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Mtoto aliyekuwa anatiririka akaanza kukwama. Mwezi wa kwanza hakusoma kabisa, alitazama herufi kama mtu anayetafuta sindano. Mwezi wa pili akaanza kuokota neno, anaweka chini, anaokota jingine. Nilinunua vitumbua vilivyofungwa kwa kipande cha gazeti, akakichukua na mafuta yake, akaanza. "Ma... maji... Bibi, ngoja. Maji ya... ya ki... Ngoja bibi, usiseme."

"Sisemi, mimi nitasema nini? Kula kitumbua."

"Maji ya kisima." Akarudi nyuma mwenyewe. "Hapana. Maji ya visima."

Vitumbua vilipoa. Baba yake alikuwa mlangoni anavua viatu, amesikia yote. Akaniita uani. "Mama, huyu mtoto ameharibika. Mwanzo wa mwaka alikuwa anasoma kitabu kizima. Sasa kipande cha gazeti kinamtoa jasho. Mmempeleka wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba kule kusoma hakukuwa kusoma, na huku kukwama ndiko kusoma? Nilisema, ikasikika ovyo hata masikioni mwangu. Mwanangu akanitazama kama anavyomtazama abiria asiyejua anakoshukia. Anaendesha bajaji, anawajua hao.

Huku nyuma kijana mmoja karibu na barabara ya lami alikuwa amefungua masomo sebuleni kwake. Ubao mweupe, viti vya plastiki, feni. Mtoto anaingia na homuweki, anatoka imejaa tiki. Wazazi wakahamisha watoto mmoja mmoja. Mama Neema, jirani yangu wa mbele, alihamisha wake wawili na hakukaa kimya. Tukikutana bombani anasema, "Bibi Zaituni, mjukuu wako bado analima makosa kule uani? Mwaka huu mtavuna magunia mangapi?"

"Wa kwako anapata tiki," nikamjibu. "Ulishamuuliza zimetoka wapi?"

"Zimetoka kwenye kalamu, zingetoka wapi?" Wanawake wote wakacheka. Na mimi nilitaka kucheka, maana jibu lenyewe lilikuwa la kweli.

Nilikwenda kwa Mwalimu siku hiyo hiyo, mwezi wa tisa umeanza, nimejifunga kanga vizuri, nimekwenda kutoa mtoto. Turubai lilikuwa limebaki na watoto watano. Nilimkuta anamenya viazi vyao, maana aliwalisha hata walipopungua. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Dada, umekuja kumtoa."

"Umejuaje?"

"Umevaa kanga ya kwenda kwa watu. Ukija kukaa unavaa ile iliyochanika."

Nikasema, "Niambie kitu kimoja tu. Atapita?"

Akamenya kiazi kizima kabla ya kunijibu. "Anarudi nyuma mwenyewe akikosea. Mwanzo alikuwa harudi."

"Sikuuliza hilo."

"Najua hukuuliza hilo."

Hilo ndilo jibu nililopewa. Nikamtazama Zaituni, yuko pembeni anamsomea mwenzake mdogo, kidole kwenye neno, na yule mdogo anavuta kamasi anamsubiri. Nyumbani hakuna aliyekuwa akimsubiri hivyo. Nikaona aibu kumnyanyua. Nikamenya viazi, na kanga yangu nzuri ikapata matope.

Mtihani ukafika. Mwalimu wao wa shule, kijana mstaarabu, alinisimamisha njiani baada ya siku za mtihani. "Shikamoo bibi. Zaituni wako alisoma swali, akarudia, akarudia tena. Wenzake wanageuza karatasi, yeye yuko ukurasa ule ule. Muda ukaisha."

"Marahaba. Alichojaza kilikuwa sahihi?"

"Hilo bibi hatuambiwi. Tunaletewa daraja tu."

Daraja likaja, akawa amefeli. Wa Mama Neema mmoja alipita vizuri. Mwingine alifeli na tiki zake zote, na hilo nalo halikunisaidia, kwa sababu wa kwangu pia alifeli. Ningejua nani alikuwa na haki kama matokeo yangekaa upande mmoja. Hayakukaa.

Wakati huo Mwalimu hakuwepo tena Nzuguni. Macho yalimsumbua, binti yake akamchukua wakaishi Makole, huko mjini. Turubai likabaki linapigwa na upepo mpaka likachanika, wapangaji wakaja na redio yao. Mwanangu alinunua tiketi ya Kondoa ya kesho yake, akamwambia mkewe afungashe nguo za mtoto kabla shule hazijafunguliwa. Mkewe alinitazama, akachukua begi. Zaituni hakulia. Alikaa mlangoni anasoma maandishi kwenye begi lenyewe, herufi kwa herufi. Nikashindwa kukaa. Nikamwambia mwanangu, "Nipeleke Makole."

"Kufanya nini?"

"Kuuliza."

Nilimkuta Mwalimu wa Uani sebuleni kwa binti yake, amekaa hatua moja kutoka kwenye televisheni, anaangalia tamthilia, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Yule aliyewakataza watoto kuimba matangazo ya televisheni kule uani! Amepungua mwili. Alinijua kwa sauti. "Dada wa ukutani! Kaa hapa, huyu mwanamume anataka kuoa dada wa mkewe."

"Mwache aoe. Zaituni amefeli."

"Ndiyo."

"Ndiyo nini? Umeshaambiwa?"

"Sijaambiwa. Mwezi wa nane niliona hatamaliza karatasi. Alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, na pale wanakimbia."

Nilisimama. Wallahi nilisimama. "Uliona! Na mimi nilikuja na kanga yangu nikakuuliza, ukanimenyea viazi!"

"Ningekwambia, ungemwondoa."

"Ningemwondoa, ndiyo!"

"Angerudi kuyumba na kitabu kilichofungwa. Labda na mtihani angeotea, angepita. Wapo wanaopita hivyo."

"Basi si angepita! Kesho anapelekwa Kondoa, Mwalimu. Anakwenda kukaa dukani. Wewe ulikuwa unamsaidia au ulikuwa unamharibia?"

Alitafuta rimoti kwa kupapasa, akapunguza sauti. Nikafikiri sasa ataniambia.

"Sijui," akasema. "Wengine niliowafanyia hivi walifika. Wengine sikuwasikia tena. Nilifundisha miaka yote ile nikiwapigia tiki, na hao pia wengine walifika. Ukitaka nikuapie, siwezi."

Huyo ndiye mtu tuliyemwachia watoto. Nilimtazama, yeye ananitazama pembeni kidogo ya pale nilipokaa, kwa sababu ya macho.

"Anasoma sasa?" akauliza.

"Anasoma. Polepole, mpaka unatamani umnyang'anye karatasi."

"Mwenyewe? Bila kuambiwa?"

"Leo amesoma begi lake la safari."

Akacheka, kisha akaacha ghafla. "Basi mwaka mmoja, dada. Mpe mwaka mmoja."

"Na mwaka ukiisha hajamaliza karatasi?"

"Nitakuwa nimekosea. Na wewe utakuwa umekosea na mimi."

Akaongeza sauti ya televisheni. Nikaaga, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akarudi kwa mwanamume wake wa tamthilia.

Ndani ya bajaji, tulipofika shule ya msingi ile ya karibu na kwetu, mwanangu akaniuliza, "Amekwambia nini?"

"Amesema hajui."

"Unaona sasa, mama."

"Naona nini?"

Akaongeza mwendo. Kusema kweli nilikuwa namuuliza. Kama yeye alikuwa anaona, ningefurahi anioneshe. Yule mwanamke alidanganya kwa kunyamaza, nikataka kumchukia. Alimpa mjukuu wangu kitu ambacho hakuna mtu nyumbani kwangu anacho, nikataka kumshukuru. Viwili hivyo vilikaa ndani ya kichwa kimoja barabara nzima, hakuna kilichosogea kumpisha mwenzake.

Tulikuta chakula kiko tayari, begi limefungwa liko karibu na mlango. Mama Zaituni anapakua. Mtoto ameshika karatasi ya tiketi, anaisoma. "Ko... Kon... Bibi, hii ni Kondoa. Eti ni mimi?"

"Harakisha ule, kesho tunaamka mapema," baba yake akasema.

Nyumba ile mume wangu aliniachia mimi, na kila aliye ndani yake analijua hilo. Nilibaki nimesimama, hata viatu sijavua. Sikuwa na uhakika, na mpaka leo sina. Nikawaambia, "Fungueni hilo begi, nguo zirudi kabatini kwangu. Zaituni anakariri darasa la nne hapa hapa Nzuguni. Na mtoto huyu akishika kitu chenye maandishi, kila mtu ndani ya nyumba hii afunge mdomo mpaka amalize mwenyewe, hata ugali upoe. Soma, mama. Tunakusubiri."